Namba Haisomwi Peke Yake: Chuma na Vitamini katika Damu ya Mwenye Maradhi ya Tezi ya Shingo

Mhadhara kwa watu wenye maradhi ya tezi ya shingo na jamaa zao

 

Karatasi ya majibu mnayoiona hapa ukutani nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mazungumzo haya. Si ya mtu yeyote, ingawa majibu ya namna hii hufika kliniki kila wiki. Mwenye karatasi tumwite Mama Zuhura. Ana miaka 38. Ana ugonjwa wa Hashimoto, yaani kinga ya mwili wake imeigeukia tezi ya shingo na kuidhoofisha, na kila siku anameza levothairoksini mikrogramu 75 kufidia homoni ambayo tezi haitengenezi tena ya kutosha. Analalamika uchovu, nywele kukatika, ganzi kwenye vidole vya miguu, na hedhi nzito. Ameandikiwa vipimo, na majibu yamesomeka hivi:

Himoglobini 11.4 g/dL, imewekewa alama ya chini. Ukubwa wa chembe nyekundu (MCV) 84 fL, hauna alama. Feritini 38 µg/L, haina alama. CRP 16 mg/L, ina alama ya juu. Vitamini B12 230 pg/mL, haina alama. Vitamini D 19 ng/mL, ina alama ya chini. TSH 8.1 mIU/L, ina alama ya juu.

Mtu akiisoma karatasi hii kwa kufuata alama tu, atatoka na maamuzi matatu: damu imepungua kidogo, vitamini D inunuliwe, dozi ya tezi iongezwe. Chuma kiko sawa, B12 iko sawa. Nasimama hapa kudai kwamba karibu maamuzi yote hayo yamekosea. Mashine imepiga kelele pasipo na shida kubwa na imenyamaza penye shida. Sababu ni kwamba tezi yenyewe huzisogeza namba za chuma na vitamini, na vidonge vya chuma na vitamini navyo huzisogeza namba za tezi. Asiyejua nani amemsogeza nani hujikuta anatibu karatasi badala ya mtu.

Alama za juu na chini zinatoka wapi

Pembeni mwa kila jibu maabara huandika mipaka ya kawaida. Kwa desturi mipaka hiyo hupatikana kwa kuwapima watu wanaoonekana wazima, kisha kuchukua asilimia 95 walio katikati. Maana yake, katika kila wazima 20, mmoja atawekewa alama ingawa haumwi. Ukipima vipimo 20 visivyohusiana kwa mtu mzima wa afya, uwezekano wa kupata angalau alama moja ni asilimia 64. Basi alama moja ya pekee isikuondolee usingizi.

Upande wa pili wa jambo hili ni mzito zaidi. Kama wengi kati ya hao wanaoonekana wazima wana upungufu ambao haujagunduliwa, mpaka wa chini hushuka pamoja nao. Ndivyo ilivyo kwa chuma cha wanawake. Maabara nyingi huandika kwamba feritini ya mwanamke ni ya kawaida kuanzia 13 au 15, na mwanamke mwenye 16 huambiwa yuko salama hata kama hana akiba ya kumfikisha hedhi mbili zijazo.

Tazameni pia vizio. Feritini ya 38 ng/mL na ya 38 µg/L ni kitu kimoja. Lakini vitamini D ya 20 ng/mL ndiyo 50 nmol/L, na B12 ya 200 pg/mL ni kama 148 pmol/L. Nimewaona watu wakilinganisha karatasi ya Muscat na ya Mombasa wakidhani vitamini imepanda zaidi ya maradufu, kumbe kilichobadilika ni kizio.

Chuma: ghala lililofungwa

Feritini ni protini inayohifadhi chuma. Ni ghala la nyumba. Mwili ukivamiwa na maambukizi, au ukiwa na uvimbe wa muda mrefu, hufunga mlango wa ghala ili vijidudu visipate chuma cha kukulia. Feritini hupanda, nayo himoglobini hushuka: ghala limejaa na nyumba ina njaa. Hivyo feritini iliyopimwa wakati wa malaria, homa, jino bovu au ugonjwa wa ini haisemi ukweli wote kuhusu akiba.

Ndiyo maana kipimo cha CRP, kinachoonyesha kama mwili umo vitani, kinafaa kusomwa kando ya feritini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima asiye na maambukizi ana upungufu wa chuma feritini ikiwa chini ya 15, lakini mwenye maambukizi au uvimbe anahesabiwa kuwa na upungufu hata ikiwa chini ya 70. Mama Zuhura ana feritini 38 na CRP 16. Mstari ambao mashine imeupita kimya ndio unaoeleza uchovu wake. Daktari akitaka uhakika ataomba pia kipimo cha asilimia ya transferini, protini ya kusafirisha chuma, iliyobeba chuma. Ikiwa chini ya 20, upungufu umethibitika. Kipimo cha chuma cha damu peke yake hakitoshi, kwa sababu hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na hupaa saa chache baada ya kumeza kidonge.

Tezi inaingiaje hapa? Kwa njia mbili zinazokwenda na kurudi. Tezi ikipoa, yaani ikifanya kazi chini ya kiwango, hedhi za wanawake wengi huwa nzito, damu inapotea. Na uboho, usipopata homoni ya kutosha, hutengeneza chembe nyekundu kwa uvivu. Kwa upande mwingine, kimeng'enya kinachounganisha madini joto na protini ili kutengeneza homoni ya tezi kinahitaji chuma ndani yake. Chuma kikipungua, kiwanda hicho hupunguza kazi.

Jambo hili lilionekana waziwazi magharibi mwa Côte d'Ivoire. Watafiti waliotoa ripoti yao mwaka 2000 waliwapa watoto wenye rovu mafuta yenye madini joto. Wiki 30 baadaye, watoto waliokuwa na damu ya kutosha walipona kwa wingi: asilimia 12 tu ndio waliobaki na rovu. Kwa wenye upungufu wa damu uliotokana na chuma, asilimia 64 walibaki nalo. Madini joto yalikuwapo mwilini, lakini chuma cha kuyafanyia kazi hakikuwapo. Walipopewa vidonge vya chuma, marovu yao nayo yakaanza kunywea.

Kwa wenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi, hali ni kinyume: homoni nyingi hupandisha feritini, na ugonjwa ukitulizwa inashuka. Feritini nzuri iliyopimwa wakati mapigo ya moyo ni 120 ipimwe tena tezi ikishatulia.

Mama Zuhura ana MCV ya 84, iliyo ndani ya mipaka. Upungufu wa chuma huzifanya chembe nyekundu kuwa ndogo. Tezi iliyopoa, na upungufu wa B12, huzifanya kubwa. Zikikutana nguvu hizi mbili kwa mtu mmoja, wastani hutoka sawa, na kila anayeangalia huridhika. Kipimo cha jirani, RDW, kinachopima jinsi chembe zinavyotofautiana ukubwa, ndicho huvujisha siri.

Na kwa watu wa pwani ya Kenya na Tanzania naongeza neno. Alfa thalasemia, hali ya kurithi inayofanya chembe kuwa ndogo, ni ya kawaida sana kwetu. Mwenye MCV ndogo na feritini ya kutosha asilishwe chuma mwaka mzima kwa ajili ya hali aliyozaliwa nayo. Mwenye selimundu aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kilichozidi, na kumzidishia ni kumdhuru.

B12: ukimya wenye ganzi

Mpaka wa maabara ni 200, Mama Zuhura ana 230, hakuna alama. Lakini kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka. Wengine huwa wazima kabisa, wengine mishipa ya fahamu imeshaanza kuumia. Kinachoamua hapo ni mtu mwenyewe, naye ameshasema ana ganzi.

Kwa mwenye Hashimoto mashaka hayo yana uzito wa ziada. Kinga iliyoishambulia tezi mara nyingine hulishambulia pia tumbo la chakula: huharibu ukuta wake, mahali panapotengenezwa asidi na protini ya kuibeba B12. Bila asidi, chuma cha mboga na nafaka hakifyonzwi vizuri. Bila protini hiyo, B12 hupita tu. Na levothairoksini nayo huhitaji asidi ili iyeyuke vyema. Kwa hiyo tumbo moja lililochoka linaweza kuandika mistari mitatu ya karatasi hii: chuma chini, B12 chini, TSH juu. Daktari akiliona hilo atafikiria kupima kingamwili za tumbo na bakteria wa vidonda vya tumbo, badala ya kutibu kila mstari kama ugonjwa wake.

Wanaotumia metformini kwa ajili ya kisukari, na wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa, nao wako kwenye hatari hiyo. Tahadhari moja: foliki asidi, hasa ya dozi kubwa, inaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kwa kukosa B12. Damu ikipanda na ganzi ikabaki, msishangilie mapema.

Vitamini D: alama nyekundu, haraka ndogo

Mstari huu ndio unaowatisha wengi. Kwa miaka mingi kulikuwa na mipaka miwili inayogombana: taasisi ya tiba ya Marekani ilisema mwaka 2011 kwamba 20 ng/mL inawatosha karibu watu wote, na mwaka huohuo chama cha madaktari wa homoni cha nchi hiyo kikasema 30. Mwaka 2024 chama hicho kiliachana na namba hiyo, na hakipendekezi kumpima kila mtu mzima asiye na sababu ya kiafya.

Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliowapima Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoishi juani kutwa. Wastani wao ulikuwa 115 nmol/L, yaani kama 46 ng/mL. Kinyume chake, wapo wanawake wengi wa Ghuba wenye kiwango cha chini mno, maana joto linawafungia ndani na nguo zinafunika ngozi. Jua liko palepale, mwili ndio haukutani nalo. Anayeshinda ofisini mjini yuko karibu zaidi na hao wa Ghuba kuliko na Wahadzabe.

Ni kweli wenye Hashimoto wengi hukutwa na vitamini D ya chini. Lakini kukutwa pamoja si kusababishana. Haijathibitika kwamba kuipandisha kunaiponya tezi. Mama Zuhura apewe dozi ya kawaida kwa ajili ya mifupa yake, asidanganywe kwamba hapo ndipo uchovu wake ulipo.

TSH: nani ameipandisha?

Sasa twende kwenye mstari ulioonekana wazi kuliko yote. TSH ni amri ya ubongo kwa tezi. Ikipanda, ubongo unalalamika kwamba homoni haitoshi. Wepesi wa kusoma ungesema: ongeza dozi kutoka 75 hadi 100.

Muulizeni kwanza anamezaje dawa. Mama huyu alipoambiwa, kabla ya vipimo hivi, kwamba damu imepungua, alinunua fefo, yaani vidonge vya chuma na foliki asidi. Akitaka asisahau, akaviweka vidonge vyote pamoja, na kila siku saa 12 asubuhi anavimeza kwa chai ya maziwa. Chuma huishika levothairoksini ndani ya utumbo na kutoka nayo. Kalisi ya kwenye vidonge na dawa za kutuliza asidi hufanya vivyo hivyo. Chai nayo inapunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo mama amemeza dawa mbili na kupata sehemu tu ya faida.

Angalieni kinachofuata kama dozi itaongezwa. Baada ya miezi mitatu fefo inaisha, kizuizi kinaondoka, na mikrogramu 100 zinaingia zote. Moyo unaanza kwenda mbio, usingizi unapotea, na ikiendelea hivyo kwa miaka, mifupa hudhoofika na mapigo ya moyo huvurugika. Ugonjwa mpya umetengenezwa na kidonge cha kuongeza damu.

Tiba yake haina gharama. Levothairoksini imezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Chuma kikae mbali nayo kwa saa nne au zaidi: kimezwe mchana au jioni, pamoja na chungwa au maji ya ndimu, bila chai. Watafiti wa Zürich walionyesha mwaka 2017 kwamba kwa wanawake wenye akiba ndogo, kumeza chuma siku moja na kuacha inayofuata kunafanya kifyonzwe vizuri zaidi kuliko kila siku, kwa sababu kila dozi huamsha homoni inayofunga mlango wa utumbo kwa saa zinazofuata. Muulizeni daktari kama njia hiyo inawafaa. Wajawazito wabaki na ratiba ya kliniki, wasiache chuma wala dawa ya tezi, maana mahitaji ya homoni huongezeka tangu wiki za mwanzo za mimba. Watenganishe saa tu.

Kisha subirini. Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake ikibaki baada ya wiki moja. TSH ipimwe tena baada ya wiki sita hadi nane, si baada ya siku kumi. Himoglobini huanza kupanda ndani ya mwezi, lakini ghala la chuma huhitaji kama miezi mitatu zaidi ili lijae. Na hedhi nzito itafutiwe sababu, kama vile minyoo ya safura inavyotafutwa kwa wanaolima bila viatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Karatasi ya pili

Tuseme Mama Zuhura amefuata yote hayo, na miezi miwili baadaye anapima tena. TSH imesomeka 0.1 na T4, homoni ya tezi yenyewe, imepanda juu ya mpaka. Kila mtu anashtuka: tezi iliyopoa imewaka moto? Lakini mama mwenyewe hana mapigo ya moyo ya haraka, hatetemeki, hajapungua uzito.

Mwanawe aliye Marekani amemtumia vidonge vya nywele na kucha. Ndani yake mna bayotini miligramu 10, zaidi ya mara 300 ya mikrogramu 30 ambazo mtu mzima anahitaji kwa siku. Mashine nyingi za homoni hutumia bayotini kama gundi ya kunasia kile kinachopimwa. Bayotini ikijaa kwenye damu, gundi huvurugika: TSH husomeka chini kuliko ilivyo, na T4 juu kuliko ilivyo. Kwenye mashine za namna hiyo hata feritini inaweza kusomeka chini na vitamini D juu. Novemba 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili, ikitaja kifo cha mgonjwa mmoja ambaye kipimo chake cha moyo kilipotoshwa na bayotini. Aache vidonge hivyo angalau siku mbili, au zaidi kama dozi ni kubwa, kisha apime upya kabla ya mtu yeyote kugusa dawa yake.

Na wanaouza mchanganyiko wa vitamini za tezi wana kiungo kingine wanachokisifu, seleniamu. Ni kweli tezi inaihitaji. Lakini kaskazini mwa Kongo, wakati ikiitwa Zaire, watafiti waliwapa seleniamu watu waliopungukiwa na madini joto pamoja na seleniamu. Waliripoti mwaka 1991 kwamba ndani ya miezi miwili homoni ya tezi ilishuka, na walioumia zaidi ni wale ambao tezi zao zilikuwa dhaifu tayari. Walipewa kitu kizuri kabla ya kile kilichopaswa kutangulia. Virutubishi vina foleni yake, na anayeruka foleni anaweza kumuumiza aliyekuja kumsaidia.

Mnachopaswa kudai

Mkitoka hapa, kila mmoja aweke karatasi zake zote za zamani pamoja, kwa tarehe. Namba iliyotoka 90 ikaja 40 ina mengi ya kusema kuliko namba 40 peke yake. Mpime maabara ileile inapowezekana, asubuhi, kabla ya kumeza kidonge cha chuma, na wakati hamna homa. Mkipewa majibu, msiulize tu kama yako sawa. Ulizeni: feritini hii imesomwa pamoja na CRP? B12 hii inatosha kwa mtu mwenye ganzi? TSH hii imepanda kwa sababu dozi ni ndogo, au kwa sababu dawa haijaingia?

Na kwenu wenzangu wa kliniki na maabara. Fomu nyingi za kuomba vipimo zina nafasi ya jina, umri, jinsia na namba ya kitanda. Ni chache nilizoona zenye mstari wa kuuliza mgonjwa anameza nini na amekimeza saa ngapi. Mstari huo ungemzuia Mama Zuhura asiongezewe dozi asiyoihitaji kwenye karatasi ya kwanza, na asipunguziwe dozi anayoihitaji kwenye ya pili. Kuuchapa ni wino tu. Naomba uingie kwenye fomu zetu, na mpaka utakapoingia, mgonjwa auandike mwenyewe kwa kalamu juu ya karatasi, na muuguzi anayetoa damu asimkataze.